Birika Lililomuua Waziri

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi yetu huanza na kamera. Wanataka kujua tulipiga picha kwa kamera gani, na taa tulizipata wapi. Nawajibu ninachokijua, halafu nawaambia kwamba mimi sikuwahi kushika kamera. Kazi yangu ilikuwa vifaa. Kila kitu ambacho mwigizaji anakishika, anakivunja, anakinywea au anakifia, kilipita mikononi mwangu kwanza. Kama mliwahi kutazama filamu ya televisheni iliyotengenezwa Bujumbura miaka ile, mkaona tajiri anatazama saa yake ya dhahabu, saa ile ilikuwa yangu, haikuwa ya dhahabu, na ilikuwa haitembei.

Sikusomea kazi hiyo. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala la rangi huko Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Mengine ninayoyajua niliyapata kwenye vitabu vya Kifaransa vilivyouzwa juu ya turubai karibu na soko, vingi vikiwa havina jalada, vingine vikiwa havina mwisho. Kampuni moja ndogo ya filamu ilipopanga chumba nyuma ya ghala letu, walikuja kuomba rangi ya kufanya ukuta mpya uonekane wa zamani. Niliwachanganyia: rangi ya maziwa, majivu kidogo, na chai iliyokolea ya kupaka juu kwa sifongo. Baadaye wakarudi kuuliza kama naweza kufanya hivyo kwa kiti. Baada ya kiti sikurudi tena ghalani.

Aliyenifundisha ni Mama Furaha. Alitoka Uvira, akavuka mpaka na watoto wake na cherehani kichwani, akakaa Kinama. Kabla yangu yeye ndiye alikuwa fundi wa mavazi na wa vifaa pia, na aliponiachia vifaa alinipa sheria moja tu.

"Fundi, we sikia. Kitu ya filamu haipashwi kuwa na mwenyewe."

Sikuelewa. Akaniambia kisa chake. Alikuwa ameazima kitenge kwa mama mmoja wa korali, akamvalisha mwigizaji aliyecheza mwanamke anayevunja ndoa za watu. Hakukibadilisha hata pindo.

"Korali muzima ilijua ile kitenge," alisema. "We unajua yule mama aliimba sauti gani kisha pale?"

"Ya kwanza?"

"Haina sauti. Aliacha kuimba. Na mi aliacha kunisalimia."

Tangu siku hiyo kila kitu nilichoazima nilikibadilisha sura kabla hakijapita mbele ya kamera. Kiti nilikipaka rangi inayooshwa kwa maji. Baiskeli niliiwekea tandiko lingine. Redio niliibandika jina la kiwanda kisichokuwepo. Baadaye nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ninyi leo mnanunua vifaa vya plastiki kwa simu, vinakuja ndani ya boksi bila historia yoyote, kwa hiyo huenda sheria hii mkaiona ya kizamani. Someni kwanza yaliyompata Mzee Rajabu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya sehemu mbili, ya kuonyeshwa kwenye televisheni kwa majuma mawili yanayofuatana. Ilihusu njama ya kumuua waziri. Mwongozaji wetu, Dezire, alikuwa kijana mwenye akili na mwenye wasiwasi, akasema nchi ya huyo waziri isiwe na jina. Kwa mtazamaji hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa vifaa ni mateso. Nchi isiyo na jina inahitaji bendera ambayo si ya mtu, namba za magari ambazo hazipo popote, vifungo vya askari visivyo na nembo, na picha ya ukutani ofisini ambayo haifanani na kiongozi yeyote, aliye hai au aliyekufa. Bendera ya kwanza niliyoshona ilifanana na ya nchi moja ya Karibi. Ya pili Mama Furaha aliicheka, akasema ni kitambaa cha meza cha shangazi yake. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya zambarau na kahawia. Hakuna nchi iliyoitaka, tukabaki nayo. Ukutani, badala ya kiongozi, nilitundika picha ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Hakuna aliyelalamika.

Katika andiko la mwanzo, waziri alipigwa risasi akitoka kwenye gari. Bastola nilizichongesha kwa seremala mmoja wa Musaga, za mbao za mvule. Kama mtataka kufanya hivyo, msipake rangi nyeusi peke yake. Itaonekana kama kiatu kilichopigwa kiwi. Pakeni nyeusi isiyong'aa, iacheni ikauke kabisa, halafu sugueni unga wa risasi ya penseli kwa kidole. Hapo mbao inageuka chuma. Tulizisafirisha ndani ya sanduku lenye kufuli, na polisi walikuwa wamearifiwa. Hata hivyo njiani sanduku lilifunguliwa. Askari alishika moja, akaipima uzito kiganjani, akaona nyepesi, akanitazama.

"Hii inaua nini?"

"Waziri," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimezoea kujibu maswali ya kazi kwa ufupi.

Dezire alieleza kwa muda mrefu. Tuliruhusiwa kuendelea. Tulipofika Dezire akasema, "Apana. Mutu na bastola barabarani, hapa kwetu, watu hawataangalia wapi kamera iko. Watakimbia tu. Waziri atakufa nyumbani, kimya kimya. Tumupe chai."

Hivyo ndivyo risasi ilivyogeuka sumu, na bastola zangu zikawa za walinzi wanaosimama mlangoni bila kufanya kitu.

Chai ilihitaji mtu wa kuimimina. Kijana aliyepewa nafasi ya mtumishi wa waziri alikuwa mwigizaji mzuri, lakini aliposhika birika ilionekana wazi kwamba kwao dada zake ndio waliomimina. Dezire akampeleka mtaa wa Buyenzi kwa Mzee Rajabu akajifunze.

Mzee Rajabu alikuwa na benchi zake kwenye kona ya barabara moja ya Buyenzi, mbele ya nyumba yake. Alikuwa na mbavu za mtu mwembamba, kofia nyeupe, na sauti ya chini. Aliuza kahawa asubuhi mapema na chai ya tangawizi mchana kutwa. Wateja wake walikuwa mafundi wa magari, washona nguo, watu waliotoka msikitini, na madereva waliosubiri gari zao zitengenezwe. Benchi zile ndizo zilizolisha nyumba: mke wake, binti yake Zuhura aliyekuwa amerudi kwa wazazi na watoto wawili, na yeye mwenyewe. Hakuwa na kazi nyingine, na kwa umri wake asingeipata.

Tulimkuta akimimina. Aliinua birika juu ya kichwa, chai ikashuka kama uzi, ikaingia kikombeni bila tone nje, na wakati huo huo alikuwa akibishana na fundi mmoja aliyeitwa Pistoni kuhusu bei ya tairi. Hakukitazama kikombe hata mara moja. Dezire alimwangalia, akamwangalia kijana wetu, akamwambia kijana apumzike.

Mzee Rajabu hakuwa na shida na kucheza mtumishi yeye mwenyewe. Shida ilitokea nilipomletea birika.

Nilikuwa nimetengeneza zuri, la bati, nililolipaka rangi ya shaba ili lifae nyumba ya waziri. Alilishika, akalirudisha mezani.

"Hii hapana. Mukono yangu haiijui. Mi nitamimina na ya kwangu."

La kwake lilikuwa la alumini, limebonyea ubavuni. Mdomo wake ulikuwa umewahi kukatika ukaungwa kwa kipande cha shaba. Mpini wake ulizungushiwa na yule Pistoni waya wa umeme wa rangi ya manjano usiunguze. Kifuniko kilifungwa kwa mnyororo wa saa. Katika mji huu hapakuwa na jingine kama lile.

Nikamwambia tunaweza kulitumia, lakini kwanza nitalibadilisha: nivue ule waya, nifunike kiraka kwa rangi, kisha nimrudishie kama lilivyokuwa.

"Kwa nini unafunika?"

"Watu wasilijue, Mzee."

Alinitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Lakini mi nataka walijue. Hii ni piblisite, tangazo la bure, kijana wangu. Nchi muzima itaona birika ya Rajabu inamiminia waziri. Kesho yake utapata wapi nafasi ya kukaa kwenye benchi yangu?"

Mama Furaha, aliyekuwa akimpima kanzu, alitoa pini mdomoni. "Mzee, lakini huyo waziri anakufa."

"Anakufa kwa mambo yake. Chai haina kosa. Si umesoma mpaka mwisho?"

Alikuwa amesomewa mpaka mwisho, na alisema kweli. Katika sehemu ya pili inajulikana kwamba mtumishi hakujua lolote. Sumu iliwekwa na katibu wa waziri, si kwenye birika, bali kwenye bakuli la sukari. Mzee Rajabu alikuwa ameelewa hadithi kuliko baadhi ya waigizaji. Dezire naye alipenda ule waya wa manjano. Alisema kamera inaupenda. Birika likaingia kwenye filamu na mwenyewe akiwa amelishika.

Mambo machache ya kazi kuhusu chai mbele ya kamera, kwa kuwa hakuna atakayewaambia. Mvuke hauonekani mbele ya ukuta mweupe. Wekeni pazia la rangi nzito nyuma yake na taa itoke nyuma, hapo hata chai ya vuguvugu itafuka. Chai ya kawaida kwenye picha inakuwa kama maji ya kufulia. Iivisheni mpaka iwe chungu. Na kwa kuwa tendo moja linarudiwa mara nyingi, kikombe lazima kirudi kwenye kiasi kile kile. Siku hizi mnapiga picha kwa simu na kulinganisha. Mimi nilikwaruza alama ndogo ndani ya kikombe kwa msumari. Aliyecheza waziri, mwalimu wa shule mwenye tumbo kubwa, aliipenda chai ya Rajabu kiasi kwamba nilianza kushuku anakosea maneno yake makusudi ili tumimine tena.

Sumu ilikuwa unga wa muhogo.

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa. Buyenzi walikusanyika kwa waliokuwa na televisheni, na kwa Mzee Rajabu mwenyewe sebule ilijaa mpaka mlangoni. Nilikuwepo. Kila birika lilipotokea walishangilia kama kwenye mpira. Kisha waziri akanywa, akashika shati lake, akaanguka, na kamera ikaacha maiti ikaenda taratibu mezani, kwenye birika, ikasogea mpaka ukaona kiraka cha shaba na waya wa manjano, na mvuke ukitoka mdomoni. Picha ikaganda hapo, majina yakaanza kupita. Ilikuwa picha nzuri. Kwa kazi ya vifaa sijapata nyingine nzuri kama ile.

Watu walipiga makofi, wakaaga. Mke wa Mzee alikuwa ameandaa chai kwa wote. Wengi walisema wamechelewa.

Asubuhi ilianza kwa utani. Pistoni alifika, akakaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Mzee, nipe moja, lakini ile isiyo ya mawaziri."

"We si waziri, utapona," Mzee akamjibu.

Walicheka. Pistoni alikunywa nusu. Dereva aliyekaa karibu naye alisema naye anataka, kisha akakumbuka kwamba gari lake limekwisha tengenezwa. Kufikia katikati ya juma akina mama walikuwa wameacha kutuma watoto na chupa za kuwekea chai. Hakuna aliyeamini kwamba Rajabu anaweka sumu. Mngemuuliza mtu yeyote angewaambia: aah, ile ni filamu tu. Lakini mkono ukifika kwenye kikombe unakumbuka ulichokiona jicho, na mkono haubishani. Unarudi tu. Mjini kwetu habari ya mtu kuwekewa kitu kwenye kinywaji husemwa kwa sauti ya chini katika msiba mmoja kwa kila miwili. Filamu haikuwapa watu hofu mpya. Iliipa hofu waliyokuwa nayo birika la kukaa.

Juma lililofuata tulitegemea sehemu ya pili imsafishe. Haikuonyeshwa. Ratiba ya televisheni ilibadilishwa kwa sababu ya mpira. Baadaye ikabadilishwa tena, na hatukuambiwa kwa nini. Dezire alikwenda kuuliza, akarudi akisema, "Wanasema itapita. Hawasemi lini." Kwa mji mzima, Mzee Rajabu alibaki amesimama nyuma ya maiti na birika mkononi.

Alijaribu kununua birika jipya, la rangi ya buluu, la dukani. Nilimwona nalo, nikadhani amefanya jambo la busara. Pistoni alikuja na wenzake wawili, wakasimama bila kukaa.

"Mzee, lile lingine liko wapi?"

"Limepumzika."

"Kwa nini umelificha?"

Neno hilo lilizunguka Buyenzi kabla ya adhuhuri: amelificha. Kesho yake alilirudisha lile la zamani. Nalo halikusaidia.

Sisi wa filamu tulikwenda siku moja wote, Dezire, mpiga picha, mwalimu aliyecheza waziri, Mama Furaha na mimi. Tulikaa kwenye benchi mchana peupe, tukanywa vikombe na vikombe. Mwalimu aliwapungia mkono wapita njia ili waone kwamba amefufuka. Upande wa pili wa barabara nilimsikia mtu akisema, "Hao wanalipwa kunywa. Ndiyo kazi yao." Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mzee Rajabu hakutulaumu. Alikuwa akifuta benchi tupu kwa kitambaa, akimaliza alianza upya kutoka mwanzo. Zuhura alianza kuuza nguo zake, moja moja, kwa majirani. Hapo ndipo Mama Furaha aliacha kufanya mzaha.

Mbele ya benchi hizo alikaa mama mmoja wa mlimani, Domitila, aliyekuja kila siku na ndizi na maparachichi. Alikuwa ameona yote. Siku moja nikiwa pale alivuka barabara, akakaa, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Muze, kwetu ku musozi mutu hakunywi pombe ya mwingine hivi hivi. Mwenye kuitoa anaonja mbele. Hata kama ni ndugu yako. Anaonja, anakupa. Wewe unaona, unakunywa. Imekwisha."

"Wanaita kuondoa sumu," nikasema. Nilikuwa nimelisoma mahali, na nimeliona kwenye sherehe za vijijini.

Mzee Rajabu alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo wala baada yake. "Mi niweke mudomo kwenye chai mbele ya mugeni? Baba yangu aliuza kahawa hapa hapa. Hakunywa hata siku moja kabla ya muteja. Mwenye nyumba anayekunywa mbele ni mulafi. Na mimi nikionja leo, maana yake jana kulikuwa na kitu."

Domitila alichukua kikapu chake. "Basi kaa na adabu yako, Muze. Iko peke yake kwenye benchi."

Wote wawili walikuwa sahihi. Nimelifikiria mara nyingi na sijapata kosa kwa yeyote. Kwa yule, kuonja ni heshima. Kwa huyu, kuonja ni kukosa heshima. Na chai ilikuwa ikipoa katikati yao.

Haji Sefu, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa anaoza binti. Katika harusi zote za mtaa ule Rajabu ndiye alimimina, na kwenye harusi ya Haji Sefu mwenyewe alimimina akiwa bado kijana. Safari hii Haji alikuja mpaka kwake, kwa adabu zote, akasema, "Mwenzangu, umri umekwenda. Siku hiyo we njoo ukae tu, upumzike. Tumeagiza matermosi ya chai." Mzee Rajabu alimshukuru. Aliniambia baadaye kwamba wale waliomtania hawakumuumiza. Aliyemwambia apumzike ndiye aliyemmaliza, kwa sababu mtaa mzima ungeona: Rajabu asipomimina kwa Sefu, hatamimina popote.

Nilialikwa pia. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, barabara imefungwa kwa turubai, wanaume wamekaa kwenye mikeka. Nikaha ilikuwa imekwisha fungwa, halua imeanza kupita, na matermosi yamepangwa mezani. Mzee Rajabu alikuja amevaa kanzu yake. Si ile ya filamu. Mkono wa kulia alikuwa ameshika birika, waya wa manjano ukionekana toka mbali, na wa kushoto amebeba vikombe kwa vidole, vile alivyovibeba siku zote. Sahani ya halua ikasimama njiani.

Alikwenda mpaka mbele ya Haji Sefu, akasimama.

"Haji, tangu lini mi nikakaa kwako mikono mitupu?"

Haji aliyatazama matermosi mezani.

Mzee Rajabu aliinua birika juu ya kichwa. Chai ilishuka kama uzi. Safari hii alikitazama kikombe. Akalitua birika, akawageukia waliokaa, akasema, "Nisameheni adabu," kisha akanywa, mbele ya mwenye shughuli, mbele ya shehe, mbele ya wakwe. Alikunywa chote, akakipindua kikombe wakaona hakuna kilichobaki. Akamimina cha pili, akampa Haji Sefu.

Kazi yangu imenizoesha kutazama mikono. Haji alikipokea kikombe akakiweka juu ya goti. Kilikaa hapo muda mrefu kuliko kikombe kinavyokaa.

"Rajabu," akasema mwishowe, "mi nikifa sasa, binti yangu ataozwa na nani?"

"Ameshaolewa, Haji. Shughuli yako imekwisha. We kunywa."

Mtu mmoja alicheka nyuma, nadhani ni Pistoni, kisha mkeka mzima ukacheka, na Haji akanywa akiwa bado anacheka, ikammwagikia kwenye ndevu. Baada ya hapo vikombe havikutosha. Matermosi yalirudi nyumbani yamejaa.

Kuanzia asubuhi iliyofuata Mzee Rajabu alikunywa kikombe cha kwanza cha kila birika, amesimama, mbele ya benchi. Wateja walirudi. Hawakurudi wote siku moja, lakini walirudi. Zuhura aliacha kuuza nguo. Domitila alivuka barabara akanywa kikombe chake, na Mzee hakumdai.

Sehemu ya pili ilionyeshwa baadaye sana, wakati hakuna aliyekuwa akiingojea. Watu waliona katibu akimimina unga wangu wa muhogo kwenye bakuli la sukari. Mtumishi akaachiwa huru, akalia vizuri sana. Asubuhi yake Pistoni alikaa kwenye benchi, akakuna kidevu.

"Mzee, sasa nimeelewa. Nipe, lakini bila sukari."

Mzee Rajabu alichota sukari kwa kijiko, akaitia mdomoni, akaitafuna huku akimtazama. Kisha akamwekea vijiko vitatu.

Mzee Rajabu ametangulia. Dezire aliondoka nchini. Filamu yenyewe nimeitafuta bila mafanikio. Kanda ziliwekwa mahali penye unyevu, na unyevu hauchagui. Sasa benchi ziko chini ya Zuhura. Birika ni lile lile, kiraka kimeongezeka kimoja, na waya sasa ni wa buluu. Juma lililopita nilikaa pale na vijana wawili wa mtaa waliozaliwa baada ya mambo haya. Zuhura alileta birika kutoka jikoni, akamimina kikombe cha kwanza, akasimama akakinywa, akakipindua. Kisha akaanza kutuhudumia.

Mmoja wa vijana alimuuliza kwa nini anafanya vile kila mara.

"Ni adabu," Zuhura akasema, akinitupia jicho. "Baba alimimina hivyo. Na baba yake, nadhani."

Nilikumbuka maneno ya Mzee kuhusu baba yake, nikapokea changu nikanywa.